Fundi wa modi adai hela au agawe bure? Maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina meza ya kutengeneza simu Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mchana nabadilisha vioo na sehemu za chaji. Usiku, watoto wakishalala, natengeneza modi: mabasi ya kwetu kwa ajili ya Bus Simulator Indonesia, na jezi na nyuso za wachezaji kwa gemu za mpira zinazochezwa kwenye PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu. Kuna wanaonilipa, kuna wanaochukua bure, na kuna wanaonitukana, wengine kwa sababu nimetoza, wengine kwa sababu nimegawa na kuwaharibia soko. Maswali ni yaleyale kila wiki, nami nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp huku nimeshika pasi ya risasi. Haya hapa majibu yangu.

Modi ni nini hasa?

Ni kitu ambacho mchezaji ameongeza au kubadilisha kwenye gemu iliyotengenezwa na wengine. Unachukua gemu ya mabasi ya Indonesia, unaingiza basi linalofanana na lile linalotoka Kigoma alfajiri kupitia Uvinza, ukavuka nalo Malagarasi hadi Tabora. Au unachukua gemu ya mpira isiyomjua mchezaji yeyote wa Ligi Kuu yetu, ukaivalisha jezi za Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma. Gemu si yako. Kilichoongezwa ni chako, na mabishano yote yanayofuata hapa chini yanatoka katika sentensi hizo mbili.

Wewe unatoza au hutozi?

Vyote viwili, kwa mpango.

Rangi za mabasi nilizotengeneza kwa hiari yangu ni bure. Jezi ni bure. Ukitaka basi lenye jina la mchumba wako ubavuni na picha ya marehemu babu yako nyuma, hapo ni 3,000, kwa sababu umenituma kazi. Ukitaka umbo zima la basi, lililochongwa kutoka mwanzo kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo kwa kompyuta, milango ifunguke na wipa zitembee, tunakaa chini tunazungumza, na si bei ya soda.

Mfano ninaoupenda ni wa fundi cherehani. Mteja analeta kitenge chake, fundi anashona, anadai hela ya mshono. Hakuna anayemwambia, "Kitenge si chako, kwa nini unadai?" Lakini fundi huyohuyo akianza kuuza mlangoni vitenge alivyoachiwa na wateja, tutamwita jina lingine. Mimi nadai mshono. Kitambaa cha gemu kina mwenyewe, na mara nyingi hata nyuzi nilizotumia zina wenyewe.

Mbona mafundi wengine wanagawa kila kitu bure, wewe una roho gani?

Nina roho yenye LUKU. Kompyuta inakula umeme, bando linaisha, na basi moja la umbo zima linanimaliza wiki tatu za usiku.

Lakini swali lina haki yake, nisilipige teke. Ufundi wa modi ulikua kwa kugawana. Mimi mwenyewe nilijifunza kutoka kwa watu ambao sijawahi kuwaona, wa Indonesia wengi wao, walioweka mafaili wazi na video za maelezo kwa lugha nisiyoielewa, nikawa nafuata mshale wa kipanya tu. Hawakunidai hata senti. Kila ninapoandika bei, wale watu wananijia kichwani. Ndiyo maana mafunzo sitozi. Kijana akija mezani na kompyuta yake, nafundisha bure, ila asije saa za wateja.

Pia wapo wanaogawa bure kwa sababu wana mshahara mahali pengine. Ukarimu wao ni wa kweli, ila usiufanye kipimo cha kumpimia asiye na mshahara.

Lakini ni halali kutoza?

Inategemea gemu, na hapa ndipo vijana wengi wanaangukia. Wanadhani kuna sheria moja ya modi duniani. Haipo. Kila mwenye gemu ana masharti yake, yale unayoyabonyeza "nakubali" bila kusoma.

Minecraft wamesema wazi: modi uliyoitunga ni yako, fanya nayo upendavyo, lakini usiiuze wala kutafuta faida kwayo. Wakati huohuo wana soko lao rasmi la toleo la simu na konsoli, lililofunguliwa 2017, ambako watengenezaji waliokubaliwa wanauza na kugawana mapato na kampuni. Kwa maneno mengine biashara ipo, ila mlango ni mmoja na ufunguo wanao wao.

The Sims 4 wana msimamo ninaouona wa kiungwana zaidi. Mwaka 2022 EA, kampuni yenye gemu hiyo, walifafanua kwamba modi haziuzwi, lakini fundi anaruhusiwa kupokea michango, na anaruhusiwa kuwapa wachangiaji modi mapema kwa muda unaofaa, mradi baadaye wote waipate bure. Mteja halipii modi, analipia kutangulia. Kama mtu anayepanda boti mapema akapate kiti cha dirishani: wa nyuma naye atafika.

GTA ina historia ya vitisho. Juni 2017 Take-Two, kampuni mama ya Rockstar waliotengeneza GTA, iliwaandikia barua ya kisheria watengenezaji wa OpenIV, chombo ambacho modi nyingi za gemu hiyo zinakitegemea. Wachezaji waliwaka, na haukupita muda Rockstar wakalegeza: modi za mchezaji mmoja, zisizo za biashara, zisizokanyaga haki za watu wengine, hawatazigusa. Neno la kushika hapo ni "zisizo za biashara". Julai 2022 Take-Two hiyohiyo ilimfuata fundi aliyekuwa akitoa modi za miwani ya uhalisia pepe kwa wanaomlipia kila mwezi kupitia Patreon, tovuti ya kuwachangia watengenezaji. Kazi yake ilikuwa ya hali ya juu, na hakuna aliyebisha hilo. Modi za gemu zao zikaondolewa.

Na hapa nyumbani tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayolinda programu za kompyuta pamoja na kazi zinazotokana na kazi nyingine. Rangi uliyoichora inaweza kuwa na ulinzi wake, lakini ulinzi huo haufuti haki ya mwenye gemu iliyo chini yake.

Kwa hiyo ukiniuliza "ni halali?", nitakuuliza kwanza gemu ipi, halafu kama umesoma.

Nimesikia Skyrim walijaribu kuuza modi ikashindikana. Nini kilitokea?

Hii ndiyo hadithi ambayo kila anayetaka kutoza anapaswa kuijua.

Tarehe 23 Aprili 2015, Valve wenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na Bethesda wenye gemu ya Skyrim waliruhusu mafundi kuuza modi kwenye Steam Workshop. Mgawo ulikuwa hivi: Valve asilimia 30, Bethesda asilimia 45, fundi asilimia 25. Na ili fundi aanze kulipwa, sehemu yake ilipaswa kufikia dola 100, maana yake modi iwe imeuza dola 400 kwanza.

Niliwahi kumweleza mgawo huo jirani yangu anayevua dagaa Kibirizi. Kwao, chombo kikirudi asubuhi, mafuta na chakula hutolewa kwanza, kisha mwenye chombo na wavuvi wanagawana kinachobaki. Hakushtuka kabisa. "Mwenye mtumbwi anachukua kikubwa siku zote," akasema. "Lakini huyo wa asilimia 30 yeye kaleta nini, taa au nyavu?" Nikamwambia kaleta soko. Akasema basi huyo ni dalali, na dalali wa asilimia 30 hata Ujiji hayupo.

Wachezaji walikasirika kuliko mvuvi. Zaidi ya watu 130,000 walisaini malalamiko. Gabe Newell wa Valve alishuka mwenyewe kwenye Reddit kujibu watu, na hakuwatuliza. Tarehe 27 Aprili mpango ukafutwa na waliolipa wakarudishiwa hela. Siku nne. Hata mbalamwezi inayowapumzisha wavuvi wa dagaa inadumu zaidi ya hapo.

Watu husema uliuawa na ubahili wa wachezaji. Mimi naona kilichoua ni jambo lililotokea ndani ya hizo siku nne. Moja ya modi za kwanza kuuzwa ilikuwa ya kuvua samaki, kumbe ilitegemea modi nyingine ya bure ya mienendo ya miili, ya fundi mwingine ambaye hakukubali kazi yake iingizwe kwenye biashara. Mwuzaji akalazimika kuiondoa, na akajuta hadharani. Jamii iliyokuwa imezoea kuazimana kama majirani wanavyoazimana kinu ilijikuta asubuhi moja inaulizana: hiki kinu cha nani, na unga uliotwangwa humo unauzwa kwa ruhusa ya nani? Watu wakaanza kuficha kazi zao wasiibiwe na kuuzwa. Bei ya dola moja au mbili ilikuwa jambo dogo. Kilichovunjika ni ile hali ya kuazimana.

Bethesda hawakukata tamaa. Mwaka 2017 walileta Creation Club, ambako fundi anaomba, anakubaliwa, analipwa kwa kazi mpya, wala si ya zamani iliyokwisha kugawiwa bure. Desemba 2023 wakafungua mpango mpana zaidi uitwao Creations. Wachezaji bado wananuna, lakini umeendelea. Kumbuka tofauti moja tu: kazi mpya.

Na wewe umewahi kutumia kazi ya mtu bila ruhusa?

Ndiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua umbo la basi lililokuwa linazunguka kwenye makundi, nikalipaka rangi, nikaliuza kwa kijana wa Kasulu kwa 5,000. Baada ya siku mbili nikapokea ujumbe kutoka Mwanza: "Kaka, hilo basi nimelichonga mimi, angalia chini ya tairi la akiba nimeandika jina." Nikaangalia. Jina lilikuwepo.

Nilimtumia ile 5,000 yote. Alinirudishia 2,500 akasema rangi ilikuwa nzuri. Tangu siku hiyo tumekuwa tukigawana hivyo nusu kwa nusu, na sijaonana naye uso kwa uso mpaka leo.

Kutoka hapo nina utaratibu. Kabla ya kutaja bei kwa mteja, naandika kwenye karatasi kila kitu kilichomo ndani ya modi: umbo la nani, sauti ya honi ya nani, picha ya nani. Kikiwa cha mtu mwingine, namwomba. Asipojibu, modi inatoka bure na jina lake linatangulia. Akikataa, natupa.

Kuna aliyewahi kutajirika kwa modi?

Wapo, ila angalia walivyopita.

Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya bure ya Half-Life, gemu ya Valve, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka uliofuata Valve waliinunua na kuwaajiri. Garry Newman alitoa Garry's Mod bure mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kuuzwa Steam kama bidhaa kamili kwa makubaliano na Valve. Imeuza mamilioni. Black Mesa, iliyoijenga upya Half-Life, ilitoka bure 2012, na baadaye Valve wakawaruhusu waiuze. The Forgotten City ilikuwa modi ya bure ya Skyrim mwaka 2015, mtunzi akaja kuijenga upya kama gemu yake mwenyewe iliyouzwa kuanzia 2021.

DotA nayo, modi ya Warcraft III, ilipita mikono kadhaa ya mafundi, na leo Dota 2 ni gemu ya Valve.

Karibu wote hao hawakupata hela kwa kuuza modi kwa wachezaji, buku hapa buku pale. Walitoa bure, kazi ikajulikana, ndipo wakapata ajira, au ruhusa ya kuuza, au wakaacha kitambaa cha watu wakafuma cha kwao. Njia hiyo ni ndefu na wengi wanaishia njiani. Sikudanganyi kwamba ukipaka mabasi Mwanga utaitwa Marekani.

Nani basi amlipe fundi, kama si mchezaji?

Swali hili huulizwa kidogo kuliko yote, na kwangu ndilo lenye hela.

Mwaka juzi alikuja mezani mzee mmoja mwenye mabasi mawili. Mwanaye alikuwa ameona rangi ya basi lao ndani ya gemu, niliyoichora kwa kukumbuka tu na nikakosea. Nilijiandaa kugombezwa. Mzee akavaa miwani, akaangalia simu, akasema, "Kijana, mstari wa kijani unapita juu ya dirisha, si chini. Na namba ya simu ya ofisi umeiacha." Akanilipa 60,000 nitengeneze mabasi yote mawili vizuri, kisha niyaachie watu bure. Mimi nimelipwa, mchezaji kapata bure, na jina la mzee linazunguka hadi Dodoma kwenye simu za vijana ambao siku moja watasafiri.

Tangu hapo, kabla ya kuchora basi la mtu, naenda kwanza ofisini kwake stendi. Wengine wananifukuza. Mmoja alidhani nataka kumtapeli. Watatu wamelipa. Na hata asiyelipa, angalau nimepata ruhusa ya kutumia jina lake.

Ila hata hapa soma masharti ya gemu yako, kwa sababu kuna wasiotaka matangazo ya kulipiwa ndani ya kazi yao.

Nichangie tu badala ya kununua, inakubalika?

Kwangu inakubalika sana. Namba ipo chini ya kila kazi, na anayetoa 500 nampigia simu kumshukuru, nikiwa na dakika.

Duniani kuna mifumo ya namna hiyo. Nexus Mods, ghala kubwa la modi, tangu 2018 wana mfuko ambao fundi anapata pointi kulingana na watu waliopakua kazi yake, na pointi zinageuzwa kuwa hela. CurseForge nao wanawagawia mafundi kutokana na mapato ya matangazo. Mchezaji hatoi kitu mfukoni. Mimi naona ndiyo njia yenye ugomvi mdogo kuliko zote.

Kwetu kikwazo ni bomba la kuletea hela. Patreon ni jina zuri, lakini kwa miaka mingi PayPal ya Tanzania imekuwa ya kutuma zaidi kuliko kupokea. Kijana wa Tabora anaweza kuwa na wapenzi wa kazi yake Indonesia nzima na asipate njia nyepesi ya kupokea dola mbili. Kwa wateja wa ndani, M-Pesa na Airtel Money zinatosha.

Vipi kuhusu faili lenye paswedi, "tuma elfu moja nikupe"?

Silipendi, na nitasema kwa nini bila kuzunguka. Ukiweka paswedi kwenye kazi uliyochora mwenyewe kutoka mwanzo, kwa gemu inayokubali, sina neno. Lakini mafaili mengi ya paswedi niliyofungua nimekuta ndani vitu vya bure vilivyokusanywa kwa mafundi kumi, majina yao yamefutwa, la mfungaji limewekwa kwa herufi kubwa. Huyo hajashona. Kafunga mlango wa duka la mtu na kusimama nje anauza tiketi.

Zaidi ya hapo, paswedi haizuii kitu. Mmoja akinunua, jioni ipo kwenye makundi matatu.

Kibandani kwetu wananiwekea gemu ya mpira kwenye simu kwa 2,000. Hiyo nayo ni kuuza modi?

Hapana, tusichanganye. PPSSPP yenyewe ni programu halali na ya bure. Lakini faili kubwa la gemu unalowekewa ndani yake ni gemu kamili ya kampuni, imekopiwa. Kuongezewa jezi za Simba na Yanga hakuigeuzi kuwa mali ya aliyeikopi.

Najua mwenye kibanda atasema anauza bando lake na muda wake, kwa sababu kushusha faili la zaidi ya GB moja kwa simu ni gharama. Namwelewa, na sitajifanya mtakatifu, nami nilianzia huko. Lakini asijiite fundi wa modi. Na mafundi waliotengeneza zile jezi hawaoni hata kumi katika hiyo 2,000.

Nimekulipa, gemu ikasasishwa, basi likaacha kufunguka. Nirudishie hela.

Hapa ndipo wanaotaka kutoza wakae chini wafikiri.

Modi ya bure ikiharibika, mtumiaji anasema pole na anasubiri. Modi ya kulipia ikiharibika, una deni. Mwenye gemu anasasisha anapotaka, hakuulizi, na usiku mmoja kazi zako zote zinaweza kugoma. Ulimwuzia mtu kwa 3,000, sasa anakupigia saa tano usiku. Ukimtoza, simu hiyo ni haki yake.

Mimi ahadi yangu ni miezi sita: ikigoma ndani ya muda huo natengeneza bure, nikishindwa narudisha hela. Ikizidi hapo unalipa nusu. Naandika hivyo kwenye ujumbe kabla ya kupokea hela, siyo baada. Kwa mahesabu yangu ya mwaka jana, muda nilioutumia kurekebisha kazi za zamani ulikaribia muda wa kutengeneza mpya. Kama huko tayari kwa hilo, gawa bure ulale.

Mtu kachukua modi yangu anaiuza. Nifanyeje?

Anza na ujumbe wa adabu kwake, faraghani. Nusu ya wezi ni watoto wasiojua. Wakikaidi, ripoti faili huko lilikohifadhiwa, kwa sababu maghala mengi yana sehemu ya malalamiko ya hakimiliki. Weka alama yako mahali pasipoonekana haraka, kama yule bwana wa Mwanza na tairi lake la akiba, na tunza mafaili ya kazi yenye tarehe. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa anayetaka kusajili kazi zake. Kwa rangi ya basi ya 3,000 sidhani utafika huko, ila kwa kazi kubwa fikiria.

Usimtukane hadharani. Nimewahi, na nilikuwa nimekosea mtu.

Kodi je?

Hela ya modi ni hela. Ikishakuwa ya kila mwezi, nenda TRA ukaulize, usimwulize fundi simu.

Mwanangu wa kidato cha tatu anakesha na haya mambo. Kuna maisha humo?

Shikamoo mama. Swali hili huwa nalijibu taratibu, kwa sababu mama yangu alikuwa analiuliza kila asubuhi.

Hela ya modi haitoshi kulisha nyumba, mimi nalishwa na vioo vya simu. Lakini ili mwanao atengeneze basi moja linalotembea, lazima ajue kupima umbo, kupanga picha, kusoma maelekezo ya Kiingereza, na kutafuta kosa kwa saa tatu bila kupiga ngumi meza. Wapo waliotoka hapa kwenye rangi za mabasi wakaenda kuchora mabango, kadi za harusi, ramani za nyumba kwa kompyuta. Hizo zinalipa.

Mwulize kitu kimoja tu: hicho anachouza, ametengeneza mwenyewe? Akijibu huku anaangalia pembeni, mlete mezani kwangu. Nawe mwambie saa nne usiku azime, mtihani wa taifa haupakuliwi.

Naanza leo. Nitoze au nisitoze?

Usitoze kwanza. Toa kazi kumi bure zenye jina lako, uone kama kuna anayerudi. Akitokea mtu wa kwanza kusema "nitengenezee ya kwangu", huyo mtajie bei, na usione haya.

Jezi za Mashujaa za msimu huu lini?

Ya nyumbani imekwisha. Ya ugenini sijapata picha safi ya mgongoni, zote zilizopo zimepigwa jukwaani Lake Tanganyika, zina ukungu. Mwenye nayo ailete mezani Mwanga, ikifika kabla ya Ijumaa Jumapili mnacheza. Ni bure, msiniulize tena.